Mapenzi na karatasi nyekundu

Mhariri,

Wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kijapani wasikate matukio ya vita ili kuharakisha mapenzi. Katika tamthilia hizo, karatasi nyekundu inayoletwa mlangoni ni wito wa mume kujiunga na jeshi vitani. Bila kulifafanua hilo, kilio cha mke hakieleweki. Mkanda anaomwandalia mumewe kama kinga vitani una mafundo 1,000 ya uzi, kila moja la mwanamke tofauti, ndiyo maana husimama barabarani akiwasihi wapita njia. (Isipokuwa aliyezaliwa mwaka wa simbamarara, katika kalenda ya wanyama 12, aliruhusiwa kushona mafundo sawa na umri wake.)

Tamthilia ya “Oshin” ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, 1983–84, vipindi 297 vya dakika 15, haikukwepa: Ryuzo, mume wa Oshin, aliyefanya biashara na jeshi, anajiua Japani iliposhindwa 1945. Ukiifuta biashara hiyo, Oshin anabaki mjane mwenye mkosi tu.

Msomaji wenu