Mbona rangi ya shoka lako inapasuka, na kwa nini sisi hatukimbilii spreyi

Sisi ni mafundi wa silaha bandia za kosplei, yaani ule mchezo wa kuvaa kama mhusika wa gemu au filamu, na kila mara kuna mtu anatutumia picha WhatsApp, upanga au shoka la gemu alilotengeneza mwenyewe nyumbani ama amenunua mahali, limependeza kweli kweli, lakini karibu na mpini rangi imeshaanza kufanya nyufa na kwingine inatoka kama magamba. Swali huwa ni lile lile, hii spreyi ni feki? Mara nyingi spreyi haina makosa jamani, shida iko chini yake.

Hivi vitu vingi vinatengenezwa kwa foamu ya EVA, ile ile ya ndala na ya mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande. Ni nyepesi, inakatika kwa kisu kikali, ukimgonga mtu nayo kwa bahati mbaya haumii, ndio maana watu wa kosplei wanaipenda. Lakini foamu imejaa vitundu vidogo vidogo vya hewa, halafu inapinda. Ukiipulizia spreyi ikiwa mbichi inanyonya rangi, unaona bado haijashika unaongeza, unaongeza tena, mwisho unapata tabaka gumu juu ya kitu laini, sasa siku ya kulibeba ukilishika tu foamu inabonyea na rangi haiwezi kubonyea nayo, inapasuka.

Kwa hivyo kazi yetu kubwa iko kabla ya rangi. Kwanza tunapitisha ile mashine ya kupuliza hewa moto kila upande, mkono unatembea hausimami, na ukiangalia kwa karibu utaona uso wa foamu uliokuwa umefifia unaanza kung'aa kidogo, hapo vile vitundu vimejifunga. Mkono ukisimama foamu inajikunja na kuungua, na ule moshi si wa kuvuta, fungua madirisha. Halafu tunapaka raba ya kupuliza, ile inayokauka lakini inabaki inapinda, koti nyembamba nyembamba, kila moja ikauke ndio ije nyingine. Kama bajeti ni ndogo gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo inafanya kazi, ila kusema ukweli hiyo tunaiamini zaidi kwa kitu cha kutundika ukutani, kitu cha kubebwa kutwa nzima kinataka raba. Rangi ndio inakuja mwisho, na tunapendelea akriliki, ile rangi ya maji ya wachoraji.

Na sisi tuko Mombasa, unyevu wa huku mnaujua. Msimu wa masika, Aprili na Mei, gundi nyeupe inachelewa kukauka mpaka unakata tamaa, na vanishi ya spreyi ukiipuliza hewa ikiwa nzito inaweza kuweka ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi uliyoihangaikia. Ndio maana mtu akipiga simu mwezi wa tano anataka ngao ya kesho kutwa tunamwambia hapana, afadhali tukose oda kuliko umlipe fundi kisha uaibike mbele ya watu.

Na pale vipande vinapoungana. Gundi nzuri ni ile ya mafundi viatu, lakini wengi wanabandika ikiwa bado mbichi. Paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haing'ang'anii kidole, ndio ubandike, na ukishabandika ndio basi, hakuna kusogeza. Kwa shoka refu weka bomba la PVC ndani ya mpini lisije likapinda. Na tafadhali usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani, joto linalegeza gundi na foamu inapoteza umbo.

Kuna wanaodhani bila kuagiza vifaa ng'ambo huwezi. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker kwenye filamu ya Star Wars ya 1977 ulikuwa mpini wa flashi ya kamera ya zamani, Graflex, Roger Christian, mpambaji wa seti wa filamu hiyo, aliupata duka la vifaa vya picha London akabandika vipande vya raba juu yake. Kwa hivyo zunguka hadiwea, zunguka kwa fundi viatu, vingi viko.

Bunduki za gemu pia tunatengeneza, ila mdomo lazima tuupake rangi ya machungwa ijulikane ni ya bandia, na ubebe ndani ya begi, usitembee nayo wazi mjini.

Kama la kwako limeshapasuka usipige spreyi nyingine juu, utaongeza ule ugumu tu. Tutumie picha mbili, moja zima na moja ya karibu pale penye ufa, na utuambie ulipaka nini chini ya rangi. Ikiwa foamu yenyewe haijachanika tunakwangua, tunapiga msasa mpaka tuifikie, tunaanza upya na hewa moto, na bei yake iko chini kuliko kutengenezewa jipya.