Barua kwa Mwanaidi: vioo vyangu vinatembea

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Somo yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Salamu kwa shemeji, kwa watoto, na kwa Bi Mwamtoro kama bado hajakutimua kwenye baraza yake. Sisi huku wazima, mvua imetupiga wiki nzima na paa la stoo linavuja palepale pa mwaka jana. Najua una kinyongo. Tangu Idi sijakupigia, na ile simu ya Idi yenyewe ilikatika kabla sijamaliza kukuomba radhi kwa kimya cha kabla yake. Basi nisamehe vyote kwa mkupuo mmoja, maana nina ombi, na aibu kuomba huku nadaiwa.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kuna michoro nyuma ya karatasi ya pili, na kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye simu huzisikilizi mpaka mwisho. Usikatae. Hamisi kaniambia.

Shida yangu ni hii: vioo vyangu vinatembea.

Unalikumbuka lile boksi shemeji yake Hamisi aliloniletea aliporudi safari? Vioo 20 vya hologramu, ile picha ya leza unayoiona kama kitu chenyewe kimekaa ndani ya kioo, kila kimoja inchi 2 kwa 3, vimebandikwa filamu isiyotaka dawa wala maji. Unakimulika kwa leza nyekundu dakika kadhaa gizani, ukimaliza unakitazama. Nimeshaharibu vitano. Vitano, Mwana! Nikivipigia hesabu kwa pesa nasikia kizunguzungu, ningekuwa nimekula changu mwezi mzima.

Nikianza na mazuri: cha kwanza kabisa kilitoka. Diodi ya leza, kile kijitaa chenyewe kinachotoa mwanga, bila lenzi, mwanga wake unatawanyika wenyewe, unapenya kioo cha filamu, unagonga kauri niliyoiweka nyuma yake, unarudi. Mwanga unaokwenda na unaorudi vikikutana ndani ya filamu vinachora mistari myembamba isiyoonekana kwa macho, na mistari hiyo ndiyo picha. Njia ya Denisyuk, yule Mrusi wa 1962. Mama Saidi nilimpa akishike chini ya tochi, akaiona kauri, akakigeuza kioo kuitafuta kwa nyuma. Akanirudishia taratibu sana, akasema ana ugali jikoni.

Ningeishia hapo ningelala usingizi. Lakini mimi unanijua. Nikataka mwanga wa pande mbili: mmoja uende moja kwa moja kwenye filamu, mwingine uzunguke umulike kitu kwa ubavuni, vivuli vikae vizuri. Hapo ndipo unahitaji kioo cha kugawa mwanga, vioo viwili vya kuugeuza, na lenzi mbili za kuutawanya. Vitu vitano. Na kila kimoja kinataka mahali pa kusimama.

Picha ya kamera ukitikisika inatoka na ukungu, lakini inatoka, utamtambua bibi harusi. Hologramu haina huruma hiyo. Wimbi la leza yangu lina urefu wa kama nanomita 650. Chukua unywele wako mmoja, uupasue kwa urefu mara mia, hapo unakaribia wimbi moja. Kioo kikisogea robo tu ya hapo wakati filamu inamulikwa, mistari inafutana. Huoni ukungu, huoni kitu. Unabaki umeshika kioo kitupu kama cha dirisha, na mume anauliza kutoka mlangoni, "Vipi, imetoka?"

Usidhani nimekosa meza. Nina sanduku la mbao, mita 1 kwa sentimita 70, kina sentimita 20, limejaa mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa, zaidi ya kilo 200, limekalia mipira ya ndani ya tairi za bodaboda iliyojazwa upepo nusunusu. (Hamisi alileta mchanga wa pwani kwa sababu ni wa bure. Nikamrudishia. Una chumvi, unanyonya unyevu, unakula chuma.) Wazo si langu. San Francisco, mwaka 1971, Lloyd Cross na Jerry Pethick walifungua shule ya hologramu, wakawafundisha watu wasio na uwezo wa kununua meza za maabara. Wao walitumia mchanga, na kila kioo au lenzi waliibandika kwenye kichwa cha bomba la plastiki, bomba likachomekwa mchangani kama mti wa uzio. Unataka mwanga uende kushoto, unalizungusha bomba. Unataka ushuke, unalisukuma chini. Hakuna skrubu hata moja. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu kwenye katalogi za Ulaya kishikilio kimoja cha kioo ni makumi ya dola, na hapo kioo chenyewe hujanunua.

Basi nikakata bomba la maji, nikachomeka, nikamulika, sikupata kitu. Nikabadilisha, nikamulika, sikupata kitu. Baada ya kioo cha sita nikaacha kubahatisha. Nikapanga ule mpango wa Michelson tuliouchora chuoni bila kuuona: mwanga unagawanywa njia mbili, kila njia ina kioo chake, vinarudi vinakutana, unavitawanya kwa lenzi ukutani. Mwana, natamani ungekuwepo. Mistari myekundu na myeusi, minene kama kidole, kwenye ukuta wa stoo wenye ukungu wa mvua. Tuliikariri miaka mitatu, na ilikuwa hapo inanitazama.

Nikipiga kofi inatetemeka. Lori la saruji likipita barabarani inacheza, inatulia. Mashine ya kusaga ya Mama Saidi ikiwashwa inapotea kabisa, ukuta unabaki mwekundu mtupu. Basi nikangoja saa tano za usiku, watu wamelala. Kutetemeka kukaisha. Lakini mistari ilikuwa inatembea. Polepole, upande mmoja, kama siafu wasio na haraka. Nikashika saa: mstari mmoja kila sekunde 20. Sasa piga hesabu, filamu inataka dakika kadhaa!

Nikadhani mchanga unajipanga, nikangoja nusu saa. Bado. Nikadhani hewa, nikafunika vyote kwa boksi la friji. Ikapungua kucheza lakini ikaendelea kutembea. Nikadhani diodi haijapata joto. Nikaenda kulala nikiwa na hasira, nikaamka saa nane nikiwa na jibu. Kioo kimoja nilikuwa nimekibandika kwa araldaiti, kingine kwa ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme. Ile ile niliyokusifia mwenyewe, nikakwambia uagize dukani kwako katoni nzima. Kwa kidole unaihisi ngumu, kumbe kwa joto la huku inaendelea kulegea kidogo kidogo, siku hata siku. Kwa kubandika pambo la darasani haina shida. Kwa robo ya wimbi ni kama kusimamisha kioo juu ya uji.

Nikavibandua vyote nikabandika upya kwa araldaiti, nikaacha siku nzima. Halafu nikayakata mabomba. Nilikuwa nayaacha sentimita 40 juu ya mchanga ili nisiiname, mgongo wangu unaujua. Kijiti ukikikata nusu, kupinda kwake kwa nguvu ileile kunapungua mara nane. Nimeyashusha hadi 20, nimeyashindilia zege ndani, na leza nimeishusha iendane nayo. Mistari sasa inasimama. Inasimama kama imechorwa! Sifa ya kishikilio ni ufupi na unene, basi. Shemeji akikuchokoza umenenepa, mwambie umekuwa imara.

Sasa ningeweza kumulika kioo cha saba, lakini naogopa. Na mchanga umenichosha. Ukigusa bomba moja, la jirani nalo linainama. Vumbi linapanda kwenye lenzi. Na juzi vumbi hilo lilitua kwenye kioo cha fotokopi, kile chenye mng'ao usoni si mgongoni, nikakifuta kwa pindo la khanga. Kilichunika kama samaki. Vioo vya kujitazama navyo havifai, vina mng'ao nyuma, mwanga unarudi mara mbili, mmoja kutoka usoni mwa kioo na mmoja kutoka mgongoni, unapata vidoa viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo hivyo vya fotokopi ndivyo dhahabu yangu, na nimebakiwa na kipande kimoja.

Ombi, basi. Nataka kuhama kutoka mchangani kwenda kwenye chuma. Slabu ya zege ninayo, ile ya bafu la zamani, mipira ninayo. Kutoka kwa mafundi chuma wa Gerezani, hapo Dar, nataka shiti ya chuma ya milimita 3, futi 2 kwa 3, iwe imenyooka, isiwe ile iliyokanyagwa na maguta. Nitaibandika juu ya slabu. Halafu sumaku za spika mbovu, nane au kumi, zile pete nyeusi kubwa. Kila sumaku itakaa chini ya kopo la maziwa ya unga lililojaa zege, na bomba limezama humo humo. Unalisogeza kopo kwa mkono, ukiliacha linang'ang'ania chuma. Mafundi redio wa hapo nyuma yako wanazitupa hizo spika, usikubali wakuuzie kama mpya.

Na kitu kimoja nakuomba ukapige kelele kwa fundi wa kukereza. Vishikilio vingine vyote nitavielekeza kwa mkono, lakini kimoja, cha kioo cha mwisho kabla ya filamu, nataka kiwe na skrubu. Mchoro ni ule wa juu kushoto. Vipande viwili vya chuma, sentimita 8 kwa 8, unene milimita 6. Kimoja kina bolti tatu za M6, yaani za unene wa milimita 6, ncha zake zimekerezwa mviringo, zimeachana sentimita 6. Cha pili kinazikalia hizo ncha: ya kwanza inaingia kwenye kishimo cha koni kilichochimbwa kwa kekee, ya pili kwenye mfereji mfupi ulioelekea kishimo hicho, ya tatu inagusa chuma kitupu. Springi mbili zinavivuta pamoja. Fundi atakwambia aweke bolti nne, moja kila kona, ili ipendeze. Mkatalie. Mafiga ni matatu, Mwana, na sufuria haiyumbi. Ukiweka la nne, ndipo unapoanza kutafuta kijiwe cha kuegesha. Na asichimbe vishimo vitatu vya koni, chuma kikipata joto kitabanwa na kuruka. Uzi wa M6 unakwenda milimita 1 kwa mzunguko, kwa hiyo nikizungusha mara moja kioo kinainama kama digrii moja tu. Kwangu hiyo inatosha. Springi zikiwa ghali aziache, nitatoa kwenye stendi ya taa iliyokufa.

Pesa nitatuma mshahara ukitoka. Usicheke.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo hasa nililokuwa nalizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Lile jiwe la mizani la shaba la marehemu baba, la nusu kilo, lililokuwa linakaa kwenye droo na vitabu vya madeni. Nataka kulimulika. Nguo haifai, jani halifai, vinajikunja vyenyewe hata ukikaa kimya. Kitu kinachofaa ni kizito, kigumu, kinachong'aa. Na zile herufi zilizogongwa kichwani, ukilimulika kwa ubavuni zitakaa na vivuli vyake. Lile pembe alilolikata kwa tupa siku ile mkaguzi alipokuja nalo litaonekana, ukiinamisha kichwa utaliona kwa upande wake. Nina vioo 14. Vyote nitavitumia kwa hilo kama italazimika.

Najua hulitoi nje ya duka. Nakuuliza tu. Au unaonaje ukilileta mwenyewe? Wiki ya likizo shule imefungwa, stoo nitaikausha. Duka unaweza kumwachia nani, Salehe bado yupo? Ameacha ile tabia ya kukopesha shule nzima ya mtaa? Na yule kijana wa mashine za fotokopi, ile iliyoungua aliitupa au bado ipo uani? Kama ipo mwambie avitoe vile vioo virefu, avifunge kwa karatasi laini, na kwa hisani yake asivifute. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado unazo zile daftari zetu za mwaka wa pili? Ile katoni ya gundi uliiagiza kweli, au ulinisikiliza nusu kama kawaida yako? Safari hii naomba iwe ulinisikiliza nusu.

Nijibu kwa simu ukitaka, nitaisikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi somo yako,
Zuhura