Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gazeti la Wanafunzi la Mazingira, 2024

Walimu wenzangu, walezi wa klabu za mazingira na ndugu wanachama wote,

Ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024, ambao ni mwaka wa tatu tangu chama chetu kianze kuchapisha gazeti la wanafunzi wa sekondari hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na wilaya za jirani. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo nitazipitia upesi. Klabu zilikutana kila wiki, miche ilipandwa mvua zilipoanza, na toleo la kwanza, lenye kurasa nne za Kiswahili na nne za Kiingereza, lilitoka kabla ya muhula wa kwanza kufungwa. Lilihusu mito yetu, na wanafunzi waliwahoji wakazi waliopoteza mali katika mafuriko ya usiku wa Julai 30 kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake. Kurasa za Kiswahili nilizipendekeza mimi mwenyewe baada ya Baraza la Mawaziri, Julai 2022, kuamua kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima shuleni, na ninashukuru kwamba baadhi ya waliozipinga wakati ule ndio wanaoziulizia leo.

Sasa nigeukie jambo ambalo limezungumzwa sana pembeni ya vikao kuliko ndani yake, yaani uamuzi wa kuchapisha habari ya kuni katika toleo la pili. Nimelaumiwa kwamba niliamua peke yangu, kwamba niliiaibisha shule mwanachama, na kwamba niliwatumia watoto kupigana vita visivyo vyao. Kwa kuwa wengi wenu mmesikia upande mmoja, ninaomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Habari hiyo haikutoka kwangu. Wanafunzi wa kidato cha pili katika mojawapo ya shule zetu za bweni walikuwa wamepewa kazi ya mradi, ambayo chini ya mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ni sehemu ya tathmini yao, na wakachagua swali rahisi: jiko la shule yetu linakula kuni kiasi gani? Waliazima mzani wa kupimia magunia, wakaamka kabla ya kengele, na kwa siku kumi za masomo wakapima kila mzigo ulioingia mekoni. Walipata wastani wa kilo 520 kwa siku kwa wanafunzi 740, yaani karibu kilo 0.7 kwa kila mwanafunzi. Kwa muhula wa siku 90 hesabu hiyo inafika takriban tani 47, ambazo ni karibu malori saba ya tani saba. Mimi mwenyewe nilikwenda kuurudia upimaji huo kwa siku mbili pamoja na mwalimu mhariri, na tofauti tuliyoipata ilikuwa ndogo mno.

Hawakuishia kwenye kupima. Waliwauliza wapishi kwa nini moshi ni mwingi, wakaonyeshwa kuni za mkaratusi zilizokatwa wiki hiyohiyo na kupakuliwa zikiwa mbichi. Kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuchemsha chochote, na moshi wake ndio unaowaumiza macho na vifua akina mama wanaopika. Wanafunzi waliandika pia kwamba masufuria makubwa ya maharage yalikuwa yakichemshwa bila vifuniko, na kwamba maharage hayakulowekwa usiku. Walijaribu wenyewe sufuria mbili, moja ya maharage yaliyolowekwa na nyingine ya makavu, na ile ya kwanza iliiva zaidi ya saa moja kabla ya ya pili. Ninawauliza wanachama, ni somo gani la mazingira tunalolijua sisi walimu lililo bora kuliko hilo? Tumezoea kuwafundisha watoto kuhusu msitu wa Mabira na yale yaliyotokea Aprili 2007, wananchi walipoandamana Kampala kupinga sehemu yake kutolewa kwa kilimo cha miwa. Hayo ni muhimu na nitaendelea kuyafundisha. Hata hivyo, mtoto anayeandika kuhusu Mabira bila kuhesabu mti unaoungua nyuma ya bweni lake anajifunza kwamba uharibifu ni kazi ya watu wengine, wa mahali pengine.

Kuhusu madai kwamba shule ilishtukizwa, ukweli ni huu. Wanafunzi walimpelekea mhasibu wa shule maswali kwa maandishi, naye akayajibu vizuri, akieleza kwamba kuni kavu ni ghali zaidi na kwamba karo huchelewa kulipwa, na majibu yake tuliyachapa yote kwenye ukurasa uleule. Uongozi wa shule ulipewa wiki mbili kusema neno lake. Siku tatu kabla ya gazeti kwenda kiwandani ndipo nilipopigiwa simu nikitakiwa kuiondoa habari nzima, si kuisahihisha. Niliuliza ni tarakimu ipi isiyo ya kweli, na sikutajiwa hata moja. Hapo nilikubaliana na mwalimu mhariri kwamba gazeti litoke. Jina la shule halikuchapwa, majina ya wanafunzi hayakuchapwa, na picha ya jiko ilichaguliwa isimwonyeshe mpishi yeyote. Kama wasomaji waliitambua shule, waliitambua kwa sababu wanaijua.

Nakiri kwamba kamati tendaji haikuitishwa. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la dharura na kulitolea taarifa baadaye, na kwa kuwa kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimeshatupangia siku, nililiona jambo hilo kuwa la dharura. Pengine ningewapigia simu wajumbe mmoja mmoja, na hilo ninalikubali. Lakini nisingekubali, wala sitakubali nikiwa katika kiti hiki, kuwaambia watoto waliopima kuni kwa siku kumi kwamba ukweli wao umefutwa kwa ajili ya simu moja. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na wapishi wanaovuta ule moshi ni miongoni mwa Waganda hao. Shule mbili ziliacha kusambaza gazeti baada ya toleo hilo. Shule iliyoandikwa haikuwa mojawapo, na wanafunzi wake wameniarifu kwamba sasa maharage hulowekwa na kwamba banda la kukaushia kuni limeezekwa. Ninalitaja hilo kwa sababu hakuna aliyelitaja katika mkutano wowote uliojadili aibu.

Toleo la tatu halikutoka, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Agosti 10, 2024 rundo la taka la Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba na watu, na klabu nne zikaanza kufuatilia taka za mji wetu zinakopelekwa. Habari zao ziliandikwa, zikahaririwa, zikapangwa. Kisha Novemba 27 yakaja maporomoko ya udongo ya wilaya ya Bulambuli, na baadhi ya wanafunzi wetu wana jamaa huko. Waliandika kurasa mbili kuhusu miteremko ya Mlima Elgon iliyolimwa hadi juu na udongo usio na mizizi ya kuushika. Kurasa hizo ziko ndani ya boksi nyumbani kwangu kwa sababu chama hakikuwa na fedha za uchapaji.

Ninaeleza hesabu kama alivyonikabidhi mweka hazina. Tuko wanachama 41 na ada ni shilingi 40,000 kwa mwaka, ambayo ingetupatia 1,640,000. Waliolipa ni 14, jumla 560,000. Mauzo ya nakala 1,050 kwa shilingi 1,000 yalileta 1,050,000, na nakala 150 zilipewa maktaba za shule bila malipo. Wasamaria wema walichanga 400,000. Mapato yote ni 2,010,000, na uchapaji wa matoleo mawili uligharimu 2,360,000. Upungufu wa 350,000 niliulipa kutoka mfukoni mwangu, na risiti zipo kwa yeyote anayetaka kuziona. Wanachama 27 wanadaiwa jumla ya 1,080,000, na miongoni mwao wamo wale waliosema kwa sauti kubwa kuhusu habari ya kuni. Anayetaka kuongoza gazeti kwa maoni yake aliwezeshe pia kwa ada yake.

Mahudhurio nayo yanasikitisha. Kati ya mikutano minne, wa kwanza ulihudhuriwa na wanachama 19 na wa mwisho na saba, wakati akidi ni 14. Semina ya Juni ya kuwafundisha walezi namna ya kusahihisha habari ya mwanafunzi bila kumnyang'anya sauti yake iliandaliwa chakula cha watu 40, wakaja tisa. Ninajua shule zina mitihani, misiba haikomi na nauli imepanda. Lakini walimu watatu waliofika kutoka Kapchorwa walisafiri asubuhi hiyohiyo, huku wengine tuliokaa mtaa mmoja na ukumbi tukituma salamu kwa simu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kurejea kwenye matoleo matatu, kuzirudisha zile shule mbili kwa mazungumzo, na kutafuta mfadhili ambaye hatataka kuchagua habari. Tungependa pia klabu zipime mkaa wa mjini kama zilivyopima kuni, na ikiwezekana shule za msingi zipate ukurasa wao. Tarehe ya mkutano wa kwanza mtajulishwa. Boksi la toleo la tatu nitakuja nalo mkutanoni, na mweka hazina atakuwa na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti