Barua ya Malalamiko: Mliondoa Breki za Mbele za Pikapu Yangu ya Mbio

Houston, Texas

YAH: KUONDOLEWA KWA BREKI ZA MBELE ZA PIKAPU YA CHEVROLET S-10 YA MWAKA 1991

Ndugu Mkurugenzi,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyopatania kazi hii mimi, wewe na fundi wako, na sitaki neno lolote lipotee njiani. Nalalamikia kazi iliyofanywa na gereji yako mwezi uliopita, mlipofungua diski, kalipa (vibanio vya diski) na mabomba ya breki za magurudumu ya mbele, mkaziba tundu la masta silinda (pampu kuu ya breki) lililokuwa likipeleka mafuta ya breki mbele, kisha mkanikabidhi pikapu ambayo niliiendesha mwenyewe kutoka getini kwenu hadi nyumbani mbele ya macho yenu.

Nilikuja kuomba ushauri wa kupunguza uzito ili nipate muda bora katika mbio za mita 201. Fundi wako alinihakikishia kwamba katika mbio za mstari ulionyooka breki za mbele ni mzigo tu, na kwamba hata magari yenye kasi kuliko yote katika mchezo huu hayana. Kweli magari marefu ya daraja la Top Fuel hufunga breki za nyuma peke yake. Lakini injini yake iko nyuma ya dereva, uzito wake mkubwa umeyalalia magurudumu ya nyuma, na yanapomaliza mbio hufungua parashuti mbili. NHRA, chama cha Marekani kinachosimamia mbio hizi za mstari ulionyooka, kinataka parashuti kwa gari linalofika maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241. Pikapu yangu inamaliza kwa kilomita 134, haina parashuti, injini yake iko mbele, na nyuma ina bodi tupu. Mfano aliounukuu fundi wako haukuwa na uhusiano wowote na gari lililokuwa mbele yake.

Gari linapofunga breki, uzito hukimbilia mbele, na magurudumu ya nyuma hubaki mepesi kiasi cha kukosa mshiko. Katika pikapu isiyo na mzigo hali hiyo ni mbaya zaidi, ndiyo sababu watengenezaji wa Marekani, walipoanza kufunga katika pikapu mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge (yaani yasiache kuzunguka na kuteleza), miaka ya 1980, walianza na magurudumu ya nyuma. Mfumo huo ulikuwa katika gari langu, nanyi mliung'oa siku hiyo hiyo kwa hoja ile ile ya uzito. Nimepiga hesabu kwa vipimo vya gari langu: likiwa na breki zote nne zinazoshika vizuri kwenye lami kavu, kutoka kasi ya kilomita 134 kwa saa linaweza kusimama ndani ya takriban mita 90, kwa breki za nyuma peke yake linahitaji takriban mita 260, na hapo ni iwapo dereva hayaachi magurudumu yajifunge.

Yangu yalijifunga. Katika mbio ya kwanza baada ya kazi yenu, nilipovuka mstari wa mwisho na kukanyaga pedali, sehemu ya nyuma ilitoka upande wa kulia, pikapu ikageuka ubavu na kugonga ukuta wa zege. Nilitoka salama, lakini mwanangu wa miaka 11 alikuwa amesimama kwenye uzio akitazama, na tangu siku hiyo hataki kuniona nikivaa kofia ya mbio. Jambo hilo linaniuma kuliko bodi iliyopinda.

Na faida tuliyoipata? Mlipunguza kilo 23. Waendeshaji wa mbio hizi hukadiria kwamba kilo 45 huleta sehemu moja ya kumi ya sekunde katika mita 402, mara mbili ya umbali wangu. Karatasi yangu ya muda ilishuka kutoka sekunde 8.43 hadi 8.40. Zipo breki za mbele za mbio, zenye diski nyembamba na kalipa za alumini, ambazo zingepunguza sehemu ya uzito huo bila kuondoa uwezo wa kusimama, na hakuna aliyenitajia.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wiki mbili kabla mliniuzia na kunifungia kifaa cha kushikilia breki za mbele peke yake, ili nyuma izunguke na kupasha matairi moto kabla ya mbio. Fundi aliyekifunga ndiye aliyeondoa breki ambazo kifaa hicho kinazishikilia. Kimebaki kimening'inia bila kazi, nami nimelipia yote mawili. Isitoshe, masta silinda ya gari hili iligawanywa katika njia mbili ili moja ikivuja nyingine ibaki. Mlipoziba ya mbele mliniachia njia moja tu.

Nakiri kwamba nilisaini ankara. Hata hivyo, kifungu cha 30122 katika sehemu ya 49 ya sheria za shirikisho kinaikataza gereji kulemaza kwa makusudi kifaa kilichofungwa ili kutimiza viwango vya usalama, isipokuwa inapoamini kwa sababu za msingi kwamba gari halitatumika likiwa katika hali hiyo. Ninyi mlijua kwamba pikapu hii ina namba za barabarani na kwamba huenda uwanjani kwa magurudumu yake, kilomita 40 za barabara kuu. Nilipopiga simu kulalamika kwamba inachelewa kusimama, nilijibiwa kwamba nitazoea.

Naomba mnirudishie fedha zote za kazi hiyo na za kifaa hicho, mnifungie breki kamili za mbele pamoja na mfumo mlioung'oa, na mlipe gharama za kunyoosha bodi na fremu. Naomba pia mumwite kila mteja mliyemwondolea breki za mbele na gari lake likawa bado linapita barabarani. Barua hii ni taarifa ya siku 60 inayotakiwa na sheria ya Texas ya kumlinda mlaji kabla ya kufungua kesi. Nimeambatisha ankara, karatasi mbili za muda na picha za pikapu.

Wako,
Mteja na mmiliki wa pikapu