Aliyelala kando ana habari kuliko mashine

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu kifafa. Mwandishi amewahimiza wagonjwa wadai kipimo cha umeme wa ubongo ili wajue moja. Kazi yangu ni kubandika hizo waya vichwani, chini ya daktari bingwa wa ubongo anayetibu kifafa, magonjwa ya usingizi na ya mwendo. Kipimo hiki nakipenda, na tangu daktari Mjerumani Hans Berger aunase umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 kimeokoa wengi. Ila hakina uwezo mliokipa.

Kipimo cha kawaida huchukua kama nusu saa. Ubongo ukitulia muda huo, majibu hutoka safi hata kwa mwenye kifafa. Ndiyo maana wengine huambiwa waje wamekesha, maana uchovu na kusinzia huyaibua mawimbi yaliyojificha. Hata hivyo, wapo tunaowakosa.

Daktari wangu haanzi na mashine. Huuliza: nani alikuona? Mgonjwa mara nyingi hakumbuki kitu, kwa hiyo anayehojiwa ni mke, mama au mwenzake wa chumbani. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Kichwa kiligeukia wapi? Mkono upi ulianza? Alipozinduka, alijitambua papo hapo au alibabaika?

Chukueni kijana anayeshtuka mikono asubuhi, mara tu baada ya kuamka, hata kikombe kikamponyoka. Nyumbani huitwa mzembe. Hakuna anayelitaja hilo hospitalini, kwa sababu wote wanazungumzia siku ile moja aliyoanguka. Kumbe mishtuko hiyo ndiyo inayoonyesha ni kifafa cha aina gani, na karbamazepini, dawa inayowafaa wengi, inaweza kuizidisha. Swali moja kuhusu asubuhi hubadilisha dawa.

Au mzee anayepiga ngumi na kupiga kelele usingizini. Familia husema kifafa, wengine majini. Akiamshwa, anasimulia ndoto nzima: alikuwa anapigana. Kwa kawaida mwili hulegea wakati wa ndoto. Kwake haulegei, na kwa baadhi ya watu hali hii hutangulia kwa miaka kadhaa ugonjwa wa Parkinson, ambao ni ugonjwa wa mwendo. Sasa mnaona kwa nini daktari mmoja hushika kifafa, usingizi na mwendo.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kutambuliwa huko huanzia kwa aliyeshuhudia.

Kwa hiyo, simu zenu zina kazi, lakini baada ya huduma. Kwanza mlazeni mgonjwa ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie chochote mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali. Akiwepo mtu wa pili, ndiye arekodi: taa iwashwe, shuka liondolewe, mwili wote uonekane na siyo uso tu, na asizime mpaka mgonjwa ajibu jina lake. Video hiyo ni ya daktari. Isizungushwe kwenye makundi ya simu, na mgonjwa akitaka ifutwe, ifutwe.

Mpimaji wa umeme wa ubongo