Risala ya Klabu ya Kifaransa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lugha Shuleni, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanaklabu tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi. Utakazoonyeshwa punde ni hadithi za dakika mbili mbili, ambazo wanafunzi wamezitunga, wakazichorea picha, wakazisimulia kwa Kifaransa kwa sauti zao wenyewe na kuziunganisha katika kishikwambi cha mwalimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Arusha Kifaransa si lugha ya mbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakitumia katika kazi zake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu jijini humu, ilizipokea Rwanda na Burundi mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Hata hivyo, kwa muda mrefu tulikariri minyambuliko ya vitenzi bila kuwa na neno la kumwambia mtu.

Mwenzetu wa kidato cha pili alisimulia habari za bibi yake anayeuza ndizi soko la Kilombero. Picha ya kwanza ilionyesha nyota na koroboi inayowaka, lakini sauti ilisema «dix heures du matin», yaani saa nne asubuhi. Alikuwa amefikiri saa kumi ya alfajiri, akaitafsiri kumi kwa kumi. Hakuna aliyemsahihisha; aliposikiliza huku akiitazama picha, alinyamaza kidogo, akafuta, akarekodi upya: «quatre heures», yaani saa kumi. Daftari lingeweza kulificha kosa hilo muhula mzima. Ndivyo tulivyozitofautisha pia nyakati mbili zilizopita: «se levait», yaani alikuwa akiamka, kwa mazoea ya bibi ya kila alfajiri, na «est tombée», yaani ilinyesha, kwa mvua ya siku moja tu.

Tulifurahi pia kujua kwamba wasimulizi wa Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vinavyozungumza Kifaransa, huita «Cric!» na wasikilizaji wakajibu «Crac!», kama tunavyoitikia sisi «Pakawa!». Tangu hapo kila hadithi yetu huanza na mwito huo, na hata wanafunzi wenye aibu huitikia.

Changamoto zetu ni kifaa na mahali. Tuko wanafunzi 34 na kishikwambi ni kimoja. Tunarekodia stoo ya madaftari, tukiwa tumetundika mablanketi ya bweni ukutani ili kupunguza mwangwi, na mvua ikigonga mabati kazi husimama. Kwa heshima kubwa tunakuomba utusaidie kupata vishikwambi vitano, maikrofoni mbili na dari kwa ajili ya chumba hicho. Wazazi nao tunawaomba wawasimulie watoto hadithi za nyumbani kwa Kiswahili, Kimeru, Kimaasai au Kichaga, kwa maana hizo ndizo tunazoanzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadithi ya bibi wa Kilombero ndiyo ya kwanza kuonyeshwa, na bibi mwenyewe ameketi mstari wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.