Binamu, hiyo simuleta si simu

Binamu, sasa. Nimeskiza zile voisi zako zote, hata ile ya saa saba usiku yenye ulikuwa unatukana Apple, nikaona badala ya kukujibu huko WhatsApp nikuandikie hapa wazi, maana wasee wengi hii Nairobi wanasumbuliwa na kitu hiyo hiyo na wanaona haya kuuliza: apu uliyotengeneza, kama hii yako ya risiti, inakubali vizuri kwa simuleta, ile aifoni ya kuigiza ndani ya Mac, lakini ukiiweka kwa aifoni ya ukweli ya Shangazi inakufa.

Kwanza wacha kufuta apu na kuiinstoo upya. Na usiende Luthuli kutafuta aifoni ingine ati hii ya Shangazi ni mbovu. Simu iko sawa. Simuleta ni Mac yako tu imevaa sura ya aifoni: RAM ni ya Mac, prosesa ni ya Mac, diski ni ya Mac, kwa hivyo apu ikikubali huko jua ni Mac imekubali.

Simu ikiua apu mara nyingi inaandika sababu kwa faili, hiyo ndio logi. Chomeka kebo, fungua Xcode, ile programu unatengenezea apu, menyu ya Window, Devices and Simulators, halafu ufungue logi za hiyo simu. Ama Shangazi mwenyewe aingie Settings, Privacy & Security, Analytics & Improvements, Analytics Data, atafute faili yenye jina la apu akutumie. Soma hiyo kabla uguse msimbo, najua vile unapenda kubahatisha.

Sasa hii yako. Umesema inakufa mtu akibonyeza kupiga picha ya risiti. Binamu, simuleta haina kamera! Huko ulikuwa unachagua picha kwa galari, kwa hivyo ile njia ya kamera haijawahi kutembea hata siku moja, Shangazi na chama chake ndio wa kwanza kuijaribu. Angalia kwa Info.plist, ile faili ya maelezo ya apu, kama umeweka NSCameraUsageDescription, yale maneno ya kumwambia mtu unataka kamera ya nini. Isipokuwepo, iOS haina mjadala, inaua apu papo hapo na kwa logi inasema hivyo wazi. Hapo naweza hata kuweka beti.

Ukirekebisha usikimbie kushangilia, maana hiyo listi ya risiti nayo inanitisha. Picha ya megapikseli 12 ni pikseli 4032 kwa 3024, kila pikseli inakula baiti 4, ukizidisha unapata karibu MB 49 ndani ya RAM hata kama faili yenyewe ni MB 2 tu, na wewe unazifungua nzima nzima zote ndio uonyeshe vipicha vidogo saizi ya stempu. Kumi tu ziko karibu nusu GB! Mac yako ya GB 16 haiskii kitu, lakini simu itachinja apu, na hapo hutapata ripoti ya kawaida ya krashi, tafuta faili inayoanza na JetsamEvent, ile simu huandika RAM ikiisha. Punguza picha kwanza, ifunguke kwa saizi yenye inaonyeshwa.

Halafu majina ya faili. Kwa msimbo umeandika Nembo.png na faili inaitwa nembo.png. Mac vile inakuja haijali herufi kubwa na ndogo, aifoni inajali, inakosa faili, inakurudishia nil, yaani hakuna kitu, na wewe na hizo alama zako za mshangao kila mahali, zile za kulazimisha ati kitu lazima kiko, basi, imeanguka.

Na ukiona kodi ya 0x8badf00d kwa ripoti, hiyo ni soja wa iOS, watchdog, ameona apu inachelewa kufunguka akaiua, mara nyingi kwa sababu unangoja seva ijibu kwa main thread, ile laini moja yenye inaendesha skrini. Huyo soja hayuko kwa simuleta, na hata kwa simu analala ukiwa umeunganisha dibaga, yaani Xcode ikichunguza apu kupitia kebo. Kwa hivyo chomoa kebo, zima waifai ya ofisi, ujaribu na bando ukiwa ndani ya mat ya Thika Road jioni.

Nitumie hiyo logi leo. Faili yenyewe bana, si picha ya skrini umepiga na simu ingine. Na Shangazi mwambie risiti za Jumapili aendelee kuziandika kwa kitabu.